Barua ya wazi kwa wakuu wa taasisi: ripoti ya kijani haijawahi kurudisha faili

Kwa: Wakurugenzi, waganga wafawidhi, wakuu wa vyuo na maafisa masuuli wote ambao taasisi zao zinategemea seva.

YAH: HITILAFU ZA USANIDI WA VIFAA KATIKA PROGRAMU ZA NAKALA RUDUFU

Ndugu wakuu,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Najua kinaonekana ni cha kupelekewa fundi, na baadhi yenu mtatamani kuandika pembeni "Mkuu wa TEHAMA, shughulikia", kisha barua iende zake. Naomba msifanye hivyo. Fundi wenu anayajua mengi ya haya nitakayoyasema. Alichokosa ni ruhusa yenu ya kuyasema kikaoni bila hofu, na muda wa kuyashughulikia kabla hayajageuka msiba.

Katika vikao vingi suala la nakala rudufu huishia kwenye swali moja na jibu moja. "Bakapu ipo?" "Ipo, mkuu." Tunahamia ajenda inayofuata. Mara nyingi jibu hilo si uongo: programu imewekwa, diski imenunuliwa, na kila asubuhi barua pepe inaingia ikisema kazi ya usiku imekamilika. Kasoro iko kwenye swali. Hakuna anayeuliza kama kuna mtu amewahi kurudisha kitu kutoka kwenye hiyo bakapu, alikirudisha lini, na ilimchukua muda gani. Ili mwelewe kwa nini maswali hayo matatu yanazidi ripoti zote za kijani, itabidi mnivumilie niwaingize kidogo chumba cha seva.

Programu tatu zinazotakiwa kukubaliana

Nitatumia mfano wa Bacula. Ni programu huria, na mafaili yake ya usanidi ni maandishi ya kawaida ambayo mtu yeyote mwenye subira anaweza kuyasoma. Kern Sibbald alianza kuiandika mwaka 2000, ikatolewa hadharani mwaka 2002. Ukiifungua utakuta si programu moja bali kadhaa zinazosaidiana, na tatu ndizo zinazobeba kazi. bacula-dir ni msimamizi: ndiye anayejua kazi gani ifanyike, saa ngapi, kwa kompyuta ipi. bacula-fd ni wakala. Anakaa kwenye kila kompyuta inayolindwa na kusoma mafaili yake. bacula-sd ni mtunza hifadhi, na ni yeye peke yake anayegusa kifaa chenyewe, kiwe diski au mashine ya kanda. Wote watatu huzungumza kwa mtandao, kwa kawaida kupitia milango namba 9101, 9102 na 9103, na kila mmoja ana faili lake la usanidi.

Matatizo mengi ya vifaa huanzia hapo, kwa sababu kifaa kimoja huandikishwa mara mbili: kwa msimamizi na kwa mtunza hifadhi. Jina lake lazima lilingane kotekote, herufi kwa herufi. Aina ya chombo cha kuhifadhia, ambayo faili huiita Media Type, nayo lazima ilingane. Mambo haya hayana tofauti na bohari ya serikali. Hati ya kuagiza ikisema "Karatasi A4" na leja ikawa imeandika "Karatasi nyeupe", mtunza bohari atakujibu kwamba bidhaa haipo, hata kama rimu zimepangwa hadi darini. Bacula nayo hutoa ujumbe wenye namba 3924, ikieleza kwamba kifaa kilichoombwa hakimo katika orodha ya mtunza hifadhi, au aina yake hailingani. Diski ipo, taa inawaka, nafasi tele, lakini kwa mujibu wa maandishi haipo.

Fundi mzoefu akiuona ujumbe huo hakimbilii kuandika dokezo la kununua diski mpya. Kwanza anausoma wote, maana mstari wa mwisho huwa unaeleza matokeo na chanzo kimetajwa mistari kadhaa juu yake. Kisha anayafungua mafaili mawili kando kwa kando na kuyalinganisha. Programu yenyewe inamsaidia: akiiendesha bacula-sd kwa alama ya -t, itasoma faili lake na kumtajia mstari wenye kosa. Lakini ukaguzi huo ni wa uandishi tu. Faili linaweza kuwa halina kosa hata la mabano, huku likielekeza kwenye diski iliyong'olewa mwezi uliopita.

Kinachofuata ni ruhusa. Katika mifumo mingi ya Linux mtunza hifadhi haendeshwi kwa mamlaka ya akaunti kuu. Anaendeshwa na mtumiaji wa kawaida aitwaye bacula. Fundi akijaribu kuandika kwenye diski mchana, akiwa ameingia kwa akaunti kuu, kila kitu kinakubali. Usiku programu ikijaribu kwa jina lake, inakataliwa. Jaribio limefanywa na mtu asiye yule atakayefanya kazi. Kujaribu ipasavyo ni kujaribu kwa jina hilo hilo la bacula, na kama kifaa ni mashine ya kanda, kuhakikisha mtumiaji huyo yumo katika kundi linaloruhusiwa kuigusa.

Kosa jingine la ukoo huo huo liko kwenye anwani. Msimamizi huandikiwa mtunza hifadhi anapatikana wapi, na programu zote zikiwa kwenye seva moja ni rahisi mtu kuandika localhost, yaani "kwenye mashine hii hii". Seva ikijinakili yenyewe, kazi inakwenda vizuri, watu wanapongezana. Siku kompyuta ya uhasibu inapoongezwa, kazi yake inakwama. Msimamizi hulipitisha jina hilo kwa wakala kama lilivyoandikwa, na kwa wakala wa uhasibu "mashine hii hii" ni kompyuta ya uhasibu, ambako hakuna mtunza hifadhi yeyote. Mwongozo wa Bacula unatahadharisha waziwazi juu ya jambo hili, na bado tunalikuta.

Halafu kuna mtego unaowafanya watu waharibu hata yaliyokuwa mazima. Fundi akishasahihisha hutoa amri ya reload kwenye bconsole, yaani dirisha la amri la Bacula, akiamini mfumo mzima umesoma mabadiliko. Amri hiyo humfanya msimamizi asome upya faili lake tu. Mtunza hifadhi hana habari mpaka awashwe upya, na kumwasha upya katikati ya kazi ni kuikatisha kazi hiyo. Asiyelijua hili ataona kosa lile lile baada ya kusahihisha, atadhani sahihisho lake si sahihi, ataanza kubadilisha mambo mengine matano, na jioni hatakumbuka alikoanzia.

Makosa yasiyosema

Wakuu wangu, yote niliyoyataja hadi hapa yana wema mmoja: hupiga kelele. Kazi inasimama, ripoti inakuja nyekundu, mtu analazimika kuinuka. Yanayomaliza taasisi ni yale yanayokuja na ripoti ya kijani.

Chukueni diski ya nje, ambayo ndiyo hifadhi ya taasisi nyingi ndogo. Diski hiyo hupachikwa kwenye saraka fulani ya seva, tuseme /mnt/nakala. Umeme unakatika usiku, seva inazimika na kuwaka upya, na safari hii diski haikupachikwa: pengine waya umelegea, pengine mfumo uliiita sdb jana na leo unaiita sdc. Saraka ya /mnt/nakala bado ipo, ila sasa ni saraka tupu ndani ya diski ya seva yenyewe. Programu ikiwa na ruhusa ya kuandika humo na ikaandaa chombo kipya, itaandika bila malalamiko. Ripoti ni kijani. Kinachonakiliwa na nakala yake vinakaa kwenye diski moja, na vitakufa pamoja. Dawa yake si ghali: diski itajwe kwa namba yake ya utambulisho ya UUID badala ya herufi zinazobadilika, saraka tupu ifungwe isiandikike na mtumiaji bacula, na mtunza hifadhi azuiwe kuwaka mpaka diski iwe imepachikwa.

Mfano wa pili ni wa wenye mashine za kanda. Linux huipa mashine moja majina mawili yanayotofautiana kwa herufi moja: /dev/st0 na /dev/nst0. La kwanza huirudisha kanda mwanzo kila kifaa kinapofungwa; la pili huiacha pale ilipofika. Bacula inahitaji la pili. Ukiandika la kwanza, kazi ya leo inaweza kulala juu ya kazi ya jana. Ndiyo maana Bacula huja na programu ndogo iitwayo btape, ambayo huandika kwenye kanda, huirudisha, huisoma na kueleza kama mashine na usanidi vinaelewana. Huandika juu ya kilichomo, kwa hiyo hutumiwa na kanda isiyo na kitu cha thamani. Mwongozo unaagiza jaribio hilo lifanyike kabla mfumo haujaanza kutegemewa. Ni jaribio la asubuhi moja, nalo huwa la kwanza kuachwa pale bosi anapotaka mfumo "uwe hewani kufikia Ijumaa".

Wa tatu unahusu Media Type tena, safari hii kwa upande wake wa hatari zaidi. Taasisi ina diski mbili, moja Dodoma na nyingine Mwanza, na fundi kwa kufuata mfano uliokuja na programu ameziandika zote mbili kuwa ni za aina moja, File. Kuandika kunakwenda sawa. Siku ya kurejesha, Bacula inaangalia aina ya chombo na kuamini kwamba kifaa chochote cha aina hiyo kinaweza kukisoma. Inaweza kwenda kukitafuta Mwanza chombo kilichoko Dodoma, ikakaa inasubiri ipewe kitu ambacho hakitakuja. Kila hifadhi ya diski ingepaswa kupewa aina yenye jina lake peke yake. Kubadilisha jina hilo baadaye nako kuna gharama, kwa sababu vyombo vya zamani vinabaki vimeandikishwa kwa jina la zamani.

Wa nne unatoka mezani kwenu moja kwa moja, kwa sababu unaanzia kwenye manunuzi. Mashine za kanda za LTO huja kwa vizazi. Mashine ya LTO-7 husoma kanda za LTO-6 na hata za LTO-5, lakini ya LTO-8 haisomi kanda za LTO-6; inarudi nyuma kizazi kimoja tu. Taasisi yenye kabati la kanda za LTO-6 ikinunua LTO-8 na kuiuza ile ya zamani kwa mnada, itakuwa na nakala za miaka mingi zisizo na msomaji. Usanidi utakuwa safi, ripoti kijani, na kamati ya zabuni itakuwa imefuata taratibu zote.

Yaliyowapata wenye uwezo

Msidhani haya ni ya taasisi maskini. Tarehe 31 Januari 2017 kampuni ya GitLab, ambayo kazi yake ni kuwatunzia waandishi wa programu kazi zao, ilifutiwa hifadhidata yake kuu ya takribani GB 300 kwa amri iliyotolewa kwenye seva isiyokusudiwa. Walipokimbilia nakala za kila siku walikuta hifadhi ya mbali ni tupu. Chanzo kilikuwa usanidi: chombo cha kunakili kilikuwa kikiendeshwa kwa toleo la 9.2 la PostgreSQL wakati hifadhidata ilikuwa ya toleo la 9.6, kwa hiyo kazi ilikuwa ikishindwa. Barua pepe za kutahadharisha zilitumwa, lakini zilikataliwa njiani kwa sababu hazikutiwa saini inayotakiwa. Nakala ikawa haipo, na kengele yake haisikiki. Walichoponea ni picha ya hifadhidata iliyokuwa imechukuliwa kwa mkono saa sita hivi kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Hata hivyo ilipotea kazi ya saa hizo, ikiwemo miradi ipatayo 5,000 na akaunti mpya zipatazo 700.

Desemba 2021 ilikuwa zamu ya Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani. Programu ya kunakili ya kompyuta kuu ya chuo, iliyotolewa na Hewlett Packard Enterprise, ilirekebishwa ikiwa bado inaendeshwa. Sehemu iliyokusudiwa kufuta mafaili ya kumbukumbu yaliyopitwa na wakati ikafuta mafaili ya watafiti: TB 77, mafaili yapatayo milioni 34, ya makundi 14. Kwa manne kati ya makundi hayo hakukuwa na nakala ya kurejeshea. Aliyepewa kazi ya kulinda ndiye aliyefuta, na kampuni ilikubali kwamba jukumu ni lake lote.

Kuna jambo la kuiga kutoka GitLab. Walieleza hadharani kila kilichoshindikana, kimoja baada ya kingine, na hata kazi ya urejeshaji wakaionyesha moja kwa moja mtandaoni ikiendelea. Fundi aliyetoa amri ile hakutolewa kafara. Walichagua kuuliza ni vipi mfumo mzima wa kinga ulikuwa umekufa bila yeyote kujua, na swali hilo ndilo lililowapa majibu yenye faida.

Kwa nini nawaandikia nyinyi

Katika taasisi nyingi ripoti nyekundu ni aibu ya fundi. Akiileta kikaoni anaulizwa amefanya nini, haulizwi anahitaji nini. Matokeo yake anajifunza kuipaka rangi. Bacula, kwa mfano, inaweza kumaliza kazi na kuandika kwamba imekamilika lakini ina maonyo; mafaili fulani hayakusomeka. Kwenye muhtasari unaopanda kwa mkuu, maonyo huwa hayapandi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, ila hapa anayeficha amefundishwa kuficha na wale watakaofiwa.

Pili, maarifa ya usanidi yanakaa kichwani mwa mtu mmoja. Akihamishwa, anaondoka na sababu ya kila mstari. Mara nyingi hata mafaili ya usanidi yenyewe yamo ndani ya seva ile ile, pamoja na hifadhidata ya Bacula inayojua faili gani liko kwenye chombo kipi. Seva ikiungua, mnabaki na diski zilizojaa na hamna ramani. Ipo programu ya bscan inayoweza kuijenga upya ramani hiyo kwa kusoma vyombo chombo kwa chombo, lakini huo ni mwendo wa konokono siku ambayo wagonjwa wako kwenye foleni na mafaili yao hayaonekani.

Tatu, sheria inawatazama nyinyi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kenya ina ya kwake tangu 2019. Ulinzi unaodaiwa humo hauishii kwenye kuzuia wezi. Na kuzipoteza taarifa za watu ni kushindwa kuzilinda. Mwananchi ambaye rekodi zake zimetoweka hatamuuliza fundi kwa nini aliandika st0 badala ya nst0. Atauliza taasisi ni ya nani.

Ninachoomba

Kwanza, urejeshaji wa majaribio uwekwe kwenye mpango kazi kila robo mwaka, kwa jina na tarehe, kama mnavyoweka ukaguzi wa hesabu. Mafaili yarejeshwe kwenye saraka au mashine nyingine, yasije yakafunika yanayotumika, na mwenye mafaili hayo, si fundi, ndiye ayafungue na kutia saini kwamba ni yenyewe. Mhasibu ndiye anayejua kama leja aliyorudishiwa imekamilika.

Pili, kila kifaa kinachobadilishwa, kiwe diski, mashine ya kanda au hata waya, kihesabiwe kuwa ni usanidi mpya mpaka kijaribiwe kwa kuandika na kwa kusoma. Seva ikiwaka upya baada ya umeme kukatika, hilo nalo ni badiliko.

Tatu, mafaili ya usanidi, maelezo ya kila kifaa na nakala ya hifadhidata ya programu vikae mahali pengine nje ya seva, vikiambatana na karatasi inayoeleza kwa lugha nyepesi namna ya kuanza kurejesha. Karatasi hiyo ijaribiwe na mtu ambaye hakuiandika.

Nne, fundi apewe nafasi ya kusema "haifanyi kazi" bila kuandikiwa barua ya kujieleza. Kimya cha ripoti nacho kihesabiwe kuwa nyekundu: siku ambayo barua pepe ya asubuhi haikufika, mtu aamke akaangalie.

Mtaniambia bajeti hairuhusu. Katika hayo manne hakuna linalohitaji zabuni. Yanahitaji saa za kazi za watu mnaowalipa tayari, na uvumilivu wenu siku majaribio ya kwanza yatakaposhindwa, maana mengine yatashindwa. Jaribio likishindwa mkiwa mmelipanga wenyewe, mnapoteza asubuhi moja.

Naomba mwanze kwenye kikao kijacho. Badala ya kuuliza kama bakapu ipo, chagueni faili moja la mwezi uliopita, la idara yoyote, mseme mnataka kuliona likifunguka kwenye kompyuta nyingine kabla kikao hakijafungwa. Mkijibiwa kwamba haliwezekani leo, msigombe. Andikeni kwenye muhtasari jina la faili, jina la mhusika na tarehe ambayo mtaliona, na liwe yatokanayo ya kwanza katika kikao kinachofuata.

Nawasilisha.

Wenu katika utumishi,
Mtunza seva